Mjane wa Mume Hai

Katika Mtaa wa Larch, mjini Oldham, ukuta wa kati ya nyumba na nyumba ulikuwa mwembamba kiasi kwamba aliyekohoa namba tisa alipewa pole na wa namba kumi na moja. Ndiyo maana baadaye watu walistaajabu sana: Noreen Pilling aliwezaje kuishi na uongo wake miaka ishirini na miwili, na ukuta usiusikie?

Uongo wenyewe ulianza Novemba ya mwaka 1961. Noreen alikuwa na miaka thelathini na minne, akisokota nyuzi kiwandani, na mumewe Clifford aliendesha lori la biskuti. Jumamosi moja Clifford alitakiwa kurudi saa kumi. Hakurudi. Jumapili kimya. Jumanne ikaja barua ya mistari minne. Yuko Grimsby kwa mwanamke mmoja anayeuza samaki, asitafutwe, na vyombo vyote vya nyumbani amemwachia Noreen isipokuwa redio, ambayo alikuwa ameshaichukua.

Noreen aliisoma barua akiwa amesimama mbele ya sinki. Akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa aproni, akatoka uani kuanua nguo. Thelma Aspinall wa namba tisa, shoga yake wa chanda na pete, akachungulia juu ya ukuta.

"Vipi, shoga, yule dereva wako karudi?"

Noreen mwenyewe hakujua jibu lake lilitoka wapi. Alifungua kinywa aseme "bado," likatoka jingine.

"Clifford kafa, Thelma. Lori limepinduka kule milimani."

Angeweza kulirudisha neno lile papo hapo. Lakini kabla hajavuta pumzi Thelma alishaingia, kamkumbatia, analia kwa sauti, na uani kwa jirani wa pili mlango umeshafunguliwa. Mtu aliyekwisha kuliliwa hivyo atasema nini? Noreen naye akalia, na machozi yake yalikuwa ya kweli.

Mtaa ukafanya kama unavyofanya. Siku ya maziko nyumba zote thelathini na nne zilifunga mapazia. Walichangishana wakanunua shada la maua meupe. Noreen alikuwa amesema kwamba maiti imepelekwa Hull kwa mama yake Clifford, na kwamba ataenda peke yake kwa sababu wakwe hawampendi. Hakuna aliyeuliza mbona magazeti hayakuandika habari ya lori. Thelma alimpa koti jeusi la marehemu mama yake, zito kama blanketi, akamfunga vifungo mwenyewe kama anayemvalisha mtoto.

Basi Noreen akapanda treni mpaka Hull, shada mapajani, watu wakimpisha. Aliposhuka hakuwa na pa kwenda. Akaulizia makaburi, akafika, akazunguka kwenye tope hadi miguu ikafa ganzi. Mwishowe akaliweka shada juu ya kaburi la mtu mmoja aliyeitwa Ezra Boothroyd, aliyefariki akiwa na miaka sabini na mmoja, na ambaye kaburi lake halikuwa na ua hata moja. "Samahani, bwana," akamwambia. Alipotia mkono mfukoni kutafuta kitambaa, vidole vikapita kwenye bitana iliyochanika, vikakuta peremende ya kikohozi imeganda humo. Akaibandua, akaila, akarudi stesheni.

Tangu siku ile akawa mjane. Fedha ya wajane ya serikali hakuwahi kuiomba, kwa kuwa angeulizwa cheti cha kifo, hivyo akafanya zamu mbili kiwandani, na mtaa ukamsifu kwa uchapakazi. Kiwanda kilipofungwa akapata kazi katika duka la kufulia nguo kwa mashine, pembeni mwa mtaa. Kila Novemba Thelma, ambaye ni Mkatoliki wa kweli, alimwashia Clifford mshumaa kanisani. Kila Novemba Noreen alisema "ahsante, shoga," na kila mwaka neno lile lilikuwa gumu zaidi kulitoa.

Mwaka 1979 alimpokea mpangaji wa chumba cha juu, msichana aliyeitwa Lorna Threlfall, mwembamba, mwenye miwani, aliyekuja na mashine ya kupiga chapa na jozi moja ya viatu. Alikuwa anaandika hadithi ambazo hakuna aliyezitaka. Noreen hakujaliwa mtoto, na haikuchukua muda ikawa Lorna anamwita shangazi, anakula mezani, anakaripiwa akitoka bila skafu. Alipopata kichomi Noreen alilala kitini kando ya kitanda chake usiku sita, akimnywesha supu kwa kijiko.

Kisha ikawa ile Januari ambayo mchumba wa Lorna aliandika kutoka London kusema ameoa mwingine. Lorna akajilaza, hali, hanywi, kageukia ukuta. Siku ya tatu Noreen akapanda na mayai na mkate, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Unadhani utakufa," akasema. "Hufi. Mimi hapa sikufa. Nikwambie neno ambalo hata Thelma halijui?"

Akamwambia yote. Redio, ukuta wa uani, koti, peremende, Ezra Boothroyd. Mwanzo alikuwa anataka tu msichana ageuze uso. Lakini kadiri alivyosema alijiona anapata wepesi, na walipofika kwa Ezra wote wawili walikuwa wanacheka huku machozi yanawatoka.

"Nitakufa na siri hii, shangazi," Lorna akasema. "Kweli tupu."

"Usife nayo. Kula mayai, yanapoa."

Mwaka wa 1983 mambo ya Lorna yakanyooka. Kituo kimoja cha televisheni kule Manchester kilimchukua kwa majaribio awe miongoni mwa waandishi wa Plumtree Row. Nani asiyeijua Plumtree Row? Kila Jumatatu na Jumatano saa moja u nusu nchi nzima ilikaa kitako kutazama mambo ya mtaa ule wa kubuni: nani kamwibia nani mume, nani kanuniana na nani kwa sababu ya pipa la taka. Mtaa wa Larch uliipenda kuliko mitaa mingine yote, kwa kuwa ulijiona humo. Lorna akahamia Manchester, karibu na kazi, ila ufunguo wa nyumba ya Noreen akaondoka nao. "Hapa ni kwako," Noreen alimwambia. Na kule kwenye duka la kufulia hakukuwa na mteja asiyeambiwa, "Binti yangu anaandika Plumtree Row."

Noreen peke yake ndiye aliyekuwa na televisheni ya rangi upande ule wa mtaa. Kwa hiyo Jumatano ile ya Oktoba walikaa kama kawaida: Thelma na ufumaji wake, mzee Walter Critchley wa namba kumi na tano na mbwa wake, na Noreen karibu na birika. Lorna alikuwa amepiga simu kwenye duka la kufulia kusema kipindi cha Jumatano hii ni chake, cha kwanza kabisa. Sauti yake ilikuwa ya haraka haraka. Noreen alidhani ni furaha.

Nusu ya kwanza ilikuwa ugomvi wa kawaida baani. Kisha akatokea Mabel, yule mama wa duka la nyuzi za sufu, mjane mpole anayependwa na kila mtazamaji. Amefunga duka, amekaa na msichana wa baa anayelia kwa kuachwa. Mabel akasema, "Unadhani utakufa. Hufi."

Noreen akainua kichwa.

"Marehemu wangu unayemsikia," Mabel akaendelea, "hajafa. Yuko hai, anakula samaki Grimsby."

Mzee Walter akajipiga kofi gotini. "Lo! Mwone Mabel! Na upole wote ule!"

Na Mabel akaeleza. Barua ya mistari minne. Redio. Mapazia ya mtaa mzima. Shada mapajani ndani ya treni, na kaburi la mtu asiyemjua, ambaye Lorna alimwita Enoch. Walter alikuwa anacheka hadi anakohoa. Noreen aliushika mkono wa kiti. Aliyasikia maneno yake yakitoka kinywani mwa mwanamke mwenye poda na nywele za saluni, na mpangilio wake ni ule ule, hata pale alipokuwa amepumzika kidogo kabla ya kutaja tope, Mabel naye alipumzika.

"Koti lilikuwa la kuazima," Mabel alisema. "La mama yake jirani. Mfukoni bitana imechanika, na ndani yake peremende ya kikohozi. Nikaila."

Sindano za Thelma zikasimama.

Maandishi yakaanza kupanda. Mwandishi: Lorna Threlfall. Walter akapiga makofi. "Mtoto wetu! Mtoto wa Larch!" Mbwa naye akabweka. Thelma aliviweka vitu vyake vya kufuma magotini, taratibu.

"Mama alikuwa akila peremende za kikohozi hata ndani ya kanisa," alisema. "Bitana ile niliichana mimi, nikiwa na miaka tisa. Noreen. Clifford kazikwa wapi?"

Noreen alilisogeza birika.

"Nakuuliza, kazikwa wapi?"

"Hajazikwa."

"Hajazikwa?" Walter akashtuka. "Miaka yote hiyo?"

"Nyamaza, Walter," Thelma akasema bila kumtazama. "Yuko wapi?"

"Grimsby," Noreen akasema. "Alikuwa huko. Sijui sasa."

Thelma aliinuka, akakusanya sufu yake, akakosa mkono wa sweta mara mbili kabla hajauvaa. Akatoka. Chai yake alikuwa hajaimaliza. Jioni yote Noreen alikaa akisikiliza ukuta. Alisikia maji yakimiminwa, kabati likifunguliwa, hatua zikipanda ngazi. Sauti ya mtu hakuisikia.

Kufikia asubuhi mtaa mzima ulijua, maana Walter hakuwa mtu wa kubeba mzigo peke yake. Dukani mashine zilikuwa zinazunguka, na wanawake waliokuwa wakimkaribisha Noreen kwa vicheko wakawa wanatazama nguo zao kwenye kioo. Ida Crompton ndiye aliyeanza. Ida, mke wa muuza nyama, ndiye aliyekwenda nyumba hadi nyumba kuomba mchango wa shada.

"Noreen, kipenzi, marehemu hajambo?"

"Ida, tafadhali."

"Nauliza tu. Mume wangu alifunga bucha siku ile. Siku ya Ijumaa! Alisimama mlangoni kofia mkononi, mvua inamnyea, anamheshimu mtu anayekula samaki."

Wanawake wakacheka. Noreen naye alijaribu kucheka, uso ukakataa. Alikuwa anajua wana haki, na hilo ndilo lililomzidishia uchungu, kwamba hakuwa hata na mahali safi pa kusimama apate kulia. Yeye amesalitiwa, lakini akienda kusema nimesalitiwa, watu wa mtaa mzima watasimama nyuma yake kwenye mstari huo huo. Siku iliyofuata alikuta shada la majani makavu juu ya mashine namba nne, na kadi imeandikwa: Kwa Enoch, kutoka kwa sote.

Lorna alikuja Jumapili. Hakutumia ufunguo, alibisha, maua mkononi, miwani imefanya ukungu.

"Shangazi."

"Pita. Weka hayo chini, sitaki maua."

Wakakaa jikoni. Noreen hakubandika birika motoni, na katika nyumba ile hilo lilikuwa tusi ambalo Lorna alilielewa vizuri.

"Nilibadilisha jina," Lorna akaanza. "Nilimfanya ana duka la sufu. Sikudhani kuna mtu angetambua."

"Grimsby hukubadilisha."

"Grimsby inachekesha kuitamka. Walisema..." Akaivua miwani, akaifuta. "Shangazi, tulikuwa kumi na mmoja mezani. Nimekaa miezi mitatu sina lolote wanalolipenda. Bwana mkubwa akaniambia mbele ya wote, 'Lete kitu Ijumaa, au usije Jumatatu.' Ijumaa ikafika, nikafungua mdomo. Hata sikupanga."

Noreen alimtazama. Alijua barabara jinsi mdomo unavyofunguka bila kupangwa. Kwa muda mfupi alikaribia kumhurumia.

"Ulifungua mdomo Ijumaa," akasema. "Sawa. Lakini baada ya hapo uliketi ukaandika. Uliandika kwa siku ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Siku kumi na mbili unaniandika, na simu iko mezani kwako. Ulinipigia kuniambia nitazame, Lorna. Uliniambia nikae na watu wangu nitazame."

Lorna akalia. Alisema alitaka kumwambia kwenye simu ile ile, akaogopa. Alisema watu wanaandika barua magunia kwa magunia, wajane, wanawake walioachwa, wanasema Mabel amewatia moyo.

"Na inaendeleaje?" Noreen akauliza.

"Nini?"

"Hadithi. Mabel anafanya nini?"

Lorna aliitazama mikono yake. "Mumewe anarudi. Wiki ya Krismasi. Anasimama mlangoni na sanduku."

"Halafu?"

"Anampokea. Si mimi niliyeamua peke yangu, shangazi, watazamaji wanapenda..."

"Anampokea," Noreen alirudia.

Hilo ndilo lililomkata. Aibu ya mtaa alikuwa ameanza kuizoea. Lakini miaka ishirini na miwili alikuwa amekataa kumsamehe Clifford, amekataa peke yake, bila shahidi, bila msaada, akiamka saa kumi na moja alfajiri kufanya zamu ya mtu mwingine; ndicho kitu pekee alichokuwa nacho katika habari ile ambacho kilikuwa chake. Na sasa mbele ya nchi nzima atamfungulia mlango na kumwekea sahani.

"Nipe ufunguo," akasema.

"Shangazi Noreen..."

"Nipe ufunguo wangu, Lorna. Na usiniite shangazi. Mimi ni Bi Pilling, mama mwenye nyumba uliyekuwa ukipanga kwake."

Msichana akautoa kwenye mkoba, akauweka juu ya meza, akaondoka. Maua aliyasahau. Noreen aliyatupa kwenye pipa, akayafunika na maganda ya viazi.

Siku tisa zaidi zikapita, Thelma akianika nguo huku amempa mgongo. Siku ya kumi Noreen alivaa koti, akapita kichochoro cha nyuma, akagonga mlango wa uani wa namba tisa kama alivyougonga maelfu ya mara.

Sauti ikatoka ndani: "Wageni hugonga mbele."

Ilimbidi azunguke. Kutoka kichochoroni, kupita kwa Ida, kuingia mtaani, mchana kweupe, mapazia yakitikisika kila upande. Katika Mtaa wa Larch mlango wa mbele ulikuwa wa padri, daktari na polisi. Akagonga. Thelma akafungua, akabaki kizingitini, mikono kifuani.

"Sema."

"Nimekuja kuomba radhi."

"Kwa lipi? Yako mengi."

"Kwa koti. Kwa mishumaa."

"Mishumaa ishirini na miwili," Thelma akasema. "Nimemwombea mzinzi apumzike kwa amani, na yeye anapumzika kweli! Dada yangu aliwahi kuniambia Clifford alikuwa akimkonyeza, nikamfukuza nyumbani kwangu kwa kumtukana maiti. Mpaka leo hatusemezani. Ulijua hilo?"

"Nilijua."

"Ulijua." Thelma akaushika mlango. "Lakini si hilo hata. Uongo ningeumeza. Ulimwambia mpangaji, Noreen. Mtu wa kupita. Mimi niko hapa, tofali moja, miaka yote, nawe ukaenda kumwambia mpangaji."

"Ungenihurumia," Noreen akasema. "Nisingeweza kuishi ukinihurumia."

"Nikuhurumie! Ningepanda treni mpaka Grimsby nikamtandike kwa samaki wake mwenyewe!"

Noreen alicheka, kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, na alilia pale kizingitini mtaa mzima ukimwona. Thelma hakumkumbatia. Alisimama, akangoja amalize, kisha akamwuliza kwa sauti kavu kama anapo pa kumwandikia Clifford. Noreen akasema anajua jina la barabara tu.

"Basi mwandikie. Omba talaka. Kama hutaki kuwa mke wa mtu, acha kuwa mke wake. Na usidhani nimekusamehe."

Wiki ya Krismasi, Mabel alipompokea mumewe, televisheni ya Noreen ilikuwa imeshauzwa. Mtaa ulitazama kwa Ida. Barua ya kwanza kwenda Grimsby haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa na wakili. Karatasi za talaka zilitoka mwaka uliofuata, mwezi wa Juni, na Noreen akarudia jina la baba yake, Heyes. Siku hiyo Thelma alikwenda naye mjini, akitembea hatua mbili mbele. Waliporudi walikunywa chai, nao hawakuongea sana. Thelma hakumwandikia dada yake kamwe.

Lorna aliendelea vizuri. Jina lake lilipanda kwenye vioo miaka mingi. Alituma kadi kila Krismasi, na kila moja ilirudishwa posta bila kufunguliwa. Chumba cha juu hakikupangishwa tena, ingawa Noreen alizihitaji zile pauni.

Alikaa Larch hadi uzeeni. Watu walimsamehe kidogo kidogo, kama mtaa unavyosamehe, yaani walipata mtu mwingine wa kumsema. Lakini habari zake hakumpa mtu tena, kubwa wala ndogo. Thelma alikuwa akilalamika juu ya hilo dukani, sauti yake ikishindana na mashine: "Namwuliza Noreen umelalaje, ananiambia mvua itanyesha. Juzi jino limemvimba shavu zima, namwuliza, ananiambia mvua itanyesha."